Mwaka wa Fishi za Neema

Nilipoambiwa kwamba Papa Donatien amefariki, jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa ugonjwa wake wala mjane wake. Nilijiuliza kama Neema atakuja kwenye matanga, na kama atakuwa amezeeka kunizidi. Nimeamua katika kurasa hizi nisijipake poda, basi na hilo liandikwe. Papa Donatien alikuwa msimamizi wetu mwaka ule ambao mimi na Neema tulizunguka vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, tukiwauliza watu waliotoka porini na bunduki kwa nini waliingia huko. Alinitendea kama mtoto wake. Na mimi, mwalimu wa chuo kikuu, mwenye binti anayekaribia kuolewa, nilipanda pikipiki kutoka Goma mpaka Masisi, tope likinirukia hadi kwenye miwani, na njia nzima nilikuwa nawaza nijifunge kitambaa gani kichwani Neema akiniona. Aibu ninayo. Wivu ulioniingia nikiwa msichana haukuzeeka pamoja nami, ulibaki na meno yake yote.

Ya baba na mama yangu nitayaandika mahali pengine, au nisiyaandike kabisa. Hapa inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza chuo Goma, masomo ya uchumi, na sikuwa na kazi. Ndipo ukaja mradi wa utafiti. Wakubwa wake walikuwa wanauchumi wa mbali, na kiongozi wao tulimwita Profesa tu, mama mmoja mrefu, mkimya, aliyefika kwetu mara mbili mwaka mzima. Walitaka kujua kinachomsukuma mtu kushika silaha: ni mshahara, ni shamba, ni kulinda ng'ombe wa kwao, ni kisasi, au alikamatwa akalazimishwa. Kila jibu lilikuwa na namba yake kwenye karatasi ya maswali, ambayo sisi tuliiita fishi, na chini ya namba kulikuwa na mistari mitupu ambapo mtu anaeleza kwa maneno yake nawe unaandika vile vile alivyosema. Mimi niliajiriwa kwa cheti changu. Neema, msichana wa Itebero mwenye diploma ya kufundisha shule ya msingi, sikujua aliajiriwa kwa nini, na siku ya kwanza nilimwonea huruma. Nilimweleza hata maana ya motisha. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema asante, dada.

Masisi tulipanga chumba kimoja, mimi naye, kwa Mama Zawadi, mjane aliyeuza maziwa na fromaji, yaani jibini. Kulikuwa na vitanda viwili, dirisha la mbao, kalenda ya parokia ya mwaka uliopita, na harufu ya maziwa iliyokuwa imeingia mpaka ndani ya mito. Asubuhi ukungu ulilala juu ya malisho, ng'ombe huwaoni, unawasikia tu wakikohoa. Tulikula jikoni, kwenye vigoda karibu na moto: maharagi na viazi, siku nyingine ugali na mboga za lengalenga, na kila mtu kikombe chake cha maziwa ya moto. Mimi ndiye niliyefika pale kwanza, mimi ndiye niliyetafuta nyumba. Lakini ile ngozi nzito inayoganda juu ya maziwa, ambayo Mama Zawadi aliiondoa kwa kijiko taratibu isikatike, alimwekea nani? Neema. Siku mbili tu alikuwa amekaa naye wakichambua maharagi, akimwuliza habari za ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, basi tayari akawa mtoto wa nyumba. Niliona kijiko kikipita juu ya kikombe changu kwenda kwake. Mtu mzima anaweza kuona wivu kwa sababu ya ngozi ya maziwa? Nawaambia anaweza, na mpaka leo nikiletewa maziwa ya moto naangalia kwanza kikombe cha jirani.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Wiki moja tulikuwa vilimani Masisi, wiki inayofuata tuliteremka upande wa Walikale, Mpofi mpaka Itebero, ambako pikipiki inafika mahali inakataa na miguu inamalizia. Mwisho wa mwezi tulirudisha fishi zote kwa Papa Donatien. Alizisomea mezani, sebuleni kwa Mama Zawadi, na alikuwa na tabia mbaya ya kusoma kwa sauti. Fishi zangu zilikuwa safi, namba zote zimezungushiwa duara, lakini kwenye ile mistari mitupu mtu wangu alikuwa amesema "shida za maisha", na mwingine "shida", na wa tatu "Mungu ndiye anajua". Papa Donatien alizisoma haraka, akizigeuza kwa kidole kilicholowa mate. Akifika kwa Neema, sauti ilipungua. Mtu alieleza vile kamanda alivyomgawia buti kabla ya bunduki, na vile alivyolala na buti zile miguuni wiki nzima kwa furaha. Mtu alieleza mpaka wa shamba la baba yake ulivyosogezwa miguu kumi akiwa kwenye ibada, na kwamba siku hiyo hiyo aliondoka. Papa Donatien alivua miwani, akaifuta, akasema yule mtoto ana mkono. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nilichukua kikombe changu nikaenda kukiosha, na kilikuwa kisafi.

Nilijiambia mengi. Nilijiambia yeye ni wa pori, watu wa pori wanamfungukia. Lakini vilimani pia walimfungukia, na vilima ni kwangu. Nilijiambia ni kicheko chake, maana alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni ambacho kilifanya hata mbwa waje. Nikajaribu kucheka vile nikaonekana mgonjwa. Nilijiambia anatunga, na nikaanza kumchunguza. Jioni jua likiwa bado lipo, mimi nafua soksi, yeye alikaa kitandani akinakili fishi zake kutoka kwenye kaye, daftari lake la njiani, hadi kwenye karatasi nzuri, ulimi nje kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza, na alikuwa akiacha kuandika, anafikiri muda mrefu, ndipo anaendelea. Roho iliniuma kuona mtu anafurahia kazi namna ile. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba binadamu hulinganisha alicho nacho na alicho nacho jirani, na kwamba ng'ombe mmoja anatosha mpaka jirani anunue wa pili. Wanaandika. Hawajui somo hilo nililisomea kwenye kitanda cha kamba, mita moja kutoka kwa jirani mwenyewe.

Sasa lazima nieleze kuhusu kula, kwa kuwa yote yalitokana na hapo. Tulipofundishwa kazi tulipewa kanuni nyingi, na mojawapo ilikuwa: usile wala usinywe kwa mtu unayemwuliza. Sababu yake ilikuwa ya kiuchumi na ilinipendeza sana. Aliyekulisha atataka ufurahi, utamdai ukweli naye atakupa utamu. Lakini kwetu, mgeni akikataa chakula anasema neno zito bila kufungua mdomo. Kuna karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu wa Kivu wanaiogopa kuliko risasi, inayomla mtu ndani miezi na miezi. Mwenyeji mwema huonja kwanza mbele yako, ndipo anakusogezea sahani. Ukiikataa sahani aliyoionja, umemwita mlozi nyumbani kwake. Hayo niliyajua tangu nanyonya. Na bado nilikataa kila mahali, "asante, nimeshiba", nikijisifu kwa nidhamu yangu. Nikisema ukweli wote, kanuni ile ilinipa mahali pa kujificha, kwa maana mimi mwenyewe niliogopa karuho. Niliwaogopa wale watu. Kanuni iliniruhusu kuwaogopa na kuonekana msomi.

Nakumbuka nyumba ya Papa Bauma, mtu wa makamo aliyekuwa amerudi kutoka porini kulima maharagi, kwenye kilima juu ya Masisi. Mke wake alileta viazi vya kuchemsha na maharagi mapya, ya kijani bado, mvuke unapanda. Bauma alichukua kiazi, akakivunja, akala nusu polepole, akinitazama, kisha akasukuma sahani kwangu. Nikasema nimeshiba. Tumbo langu likanguruma palepale, akalisikia, mke wake pia akalisikia. Bauma akaweka ile nusu nyingine chini. "Mutoto yangu," akasema, bila hasira, "unaona mimi niko mulozi?" Nikacheka, nikamweleza habari za utaratibu wa mradi, kwamba hata kwa chifu hatuli. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Halafu nikafungua fishi, nikauliza kwa nini aliingia porini, akajibu, "Shida za maisha." Niliandika vile vile alivyosema. Nilipokuwa nashuka kilima nilimkasirikia yeye, namna alivyokuwa mkavu. Kujiuliza mwenyewe kulichukua miaka.

Neema nilimkamata Itebero. Nilikuwa nimemaliza fishi zangu mapema, maana fishi za shida za maisha haziumizi mkono, nikaenda kumtafuta ili turudi pamoja Mpofi kabla mvua haijashuka. Nilimkuta nyuma ya nyumba moja, jikoni, kwenye moshi. Alikuwa amekaa chini pamoja na mwanaume aliyekuwa anamwuliza, na mama wa yule mwanaume, wote watatu mkono mmoja kwenye sahani moja ya ndizi na samaki wa mtoni katika mawese. Fishi haikuwepo. Kalamu haikuwepo. Yule mwanaume alikuwa anasema polepole, anakula, ananyamaza, anasema tena, na Neema alikuwa anatoa miiba kwenye samaki akimwekea yule mama upande wake, kwa sababu mama haoni vizuri. Sikusikia maneno. Niliona tu yule mtu akifuta macho kwa nyuma ya mkono, mafuta yakambakia shavuni, na hakuna aliyestuka. Nilisimama nyuma ya ukuta wa miti mpaka miguu ikafa ganzi. Ningependa kuandika kwamba niliguswa. Nilifurahi. Nilijisemea: kumbe ndivyo, anakula! Nilirudi barabarani nikamngojea pale, na alipokuja akinuka moshi na mawese nilimwuliza kama amekula, akasema hapana, bado. Alikuwa anajua kanuni na aliogopa, kama mimi nilivyoogopa kitu kingine.

Ningeweza kuiweka siri ile mfukoni isinisumbue, kama isingekuwa bursi. Mradi ulikuwa umeahidi nafasi moja, moja tu, kwa mwulizaji atakayefanya vizuri kuwazidi wenzake, aende kusoma uchumi nje ya nchi mpaka mwisho, hata udaktari. Mimi nilikuwa nimekwishajiona kwenye ndege. Profesa alipokuja mara ya pili, alikaa na Papa Donatien sebuleni, na kati ya sebule na chumba chetu kulikuwa na mbao tu. Nilikuwa kitandani na malaria kidogo, wakadhani nimelala. Nilimsikia Profesa akiuliza kwa Kifaransa ni nani, na Papa Donatien hakufikiri hata kidogo. Alisema ni yule wa Itebero. Akasema Vumilia ni mtu wa mpangilio, anaandika namba vizuri, tutamtafutia kitu. Tutamtafutia kitu! Kana kwamba mimi ni mbuzi aliyebaki bila kamba. Nilijifunika blanketi mpaka juu, nikasikia vikombe vikikusanywa, na Neema kule jikoni akimchekesha Mama Zawadi.

Nilingoja Profesa aondoke. Kesho yake nilimkuta Papa Donatien mezani, anakunywa chai ya maziwa, nikamwambia nina jambo la kazi. Nilitumia maneno ya kazi peke yake. Nikasema nimeona ukiukaji wa kanuni Itebero, na huenda hata Masisi, na kwamba naogopa majibu yameharibika, na kwamba ni kwa faida ya utafiti. Aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu mnene, mpole, na alianza kujikuna shingo kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake kuushika.

"Vumi," akasema, "ile unasema, nikiisikia ni lazima niiandike. Siwezi kufanya sawa vile sikuisikia. Sasa unaisema, ao haujaisema?"

Alinifungulia mlango. Nimeurudia mlango ule mara nyingi kuliko nilivyorudia sala yoyote. Kuku wa Mama Zawadi alikuwa ameingia sebuleni, anadonoa chini ya meza, na nilimwangalia yule kuku.

"Ninaisema, Papa."

Aliandika. Jibu la Profesa lilichukua siku chache, na lilikuwa fupi: kanuni ni kanuni, binti aachishwe kazi, lakini fishi zake zisitupwe kwa sababu hazina mfano. Neema alipanga vitu vyake kwenye mfuko wa mchele. Mama Zawadi alilia waziwazi, akamfungia fromaji nzima kwenye majani. Mimi nilimsaidia kufunga kamba, nilikaza mafundo kabisa. Tulikuwa wawili chumbani aliponiuliza, sauti ya kawaida, kama anayeuliza sabuni iko wapi.

"Vumi, ni nani alienda kunisema?"

"Sijue, dada," nikasema.

Akasema sawa. Akanikumbatia, akatoka, pikipiki ikamchukua kuelekea Walikale, na mimi nilipata chumba kizima peke yangu. Wiki zile za mwisho nilienda Itebero badala yake. Waliniuliza Neema yuko wapi, nikasema ameacha kazi, na waliniletea chakula, nikasema nimeshiba. Papa Donatien hakunitaja kwa ubaya hata siku moja. Aliniandikia barua nzuri ya kunipendekeza, na bursi nikaipata mimi.

Niseme na haya, maana ndiyo yaliyonifanya niwe nilivyo. Nilipofika ng'ambo, nilipaswa kuandika tasnifu, na fishi za mradi zilikuwa mikononi mwangu, mimi ndiye niliyeziingiza kwenye kompyuta. Zangu hazikuwa na kitu cha kuandikia. Za Neema zilikuwa na dunia nzima. Nikazitumia, nikizilinganisha kwa umbali: wanaokaa karibu na migodi ya Walikale, na wanaokaa mbali nayo, vilimani Masisi. Kila mtu alitegemea kwamba walio karibu na mgodi huingia porini kwa ajili ya mshahara, na wa vilimani kwa ajili ya shamba na ng'ombe. Fishi zilisema kinyume. Watu wa msituni walizungumza juu ya mipaka ya shamba, malisho na heshima ya baba, na watu wa vilimani walizungumza juu ya mawe ya mgodini, mizani na buti mpya. Walimu wangu walifurahi sana. Jambo lililo kinyume cha matarajio, katika kazi yetu, ni sawa na dhahabu. Nilieleza sababu zake kwa kurasa nyingi, nikapata udaktari, nikarudi Goma, na kwa miaka yote hii nimesimama mbele ya darasa nikifundisha kile kinyume cha Masisi na Walikale. Wanafunzi huniuliza mara nyingi kwa nini mtu amsaliti jirani pale ambapo hakuna aliyemlipa. Nawapa mifano ya vitabuni.

Basi nilifika matangani. Hema la turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba ya marehemu, viti vya plastiki, jeneza mbele, kina mama wa parokia wakiimba, saa nne asubuhi na jua zuri. Neema alikuwa amekaa safu ya pili. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa mkurugenzi wa shule ya msingi kule Mpofi, nywele zimeanza weupe wala hakuzificha, viatu vyake vina tope la njia ndefu, na watu wasiomjua walikuwa wanamwegemea. Mjukuu wa marehemu alikuwa amelala mapajani mwake. Nikasema moyoni, haya, yale yale. Alinigeukia, akaita, "Vumi!", akasogeza kiti chake ili changu kiingie, akauliza habari za watoto, na mimi nikajibu. Nilikuwa nimejiapiza barabarani kwamba nitamwambia. Umri wetu huu si wa kubeba vitu. Wimbo ulipokwisha nikamwinamia sikioni nikasema kwamba ni mimi, siku ile, kwa Papa Donatien.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Ile siku ile ile. Vile ulifunga ile kamba."

Nikaanza kuomba radhi, nikachanganya maneno. Alinipiga kidogo gotini ninyamaze, mtoto asiamke. Nikaona nimpe kitu, nimfurahishe, nikamwambia kwamba fishi zake zilinipa udaktari, kwamba bila yeye nisingekuwa na lolote, kwamba darasani huwa nasoma maneno aliyoandika. Nikamweleza yale niliyogundua, watu wa msituni na shamba, watu wa vilimani na mshahara. Nilimwona anageuza uso polepole. Alinitazama kwa huruma, huruma ile ile niliyomwonea mimi siku ya kwanza, na hapo nikaanza kuogopa.

"Vumi. Wewe haukuniulizaka," akasema. "Ungeniuliza, ningekuambia. Mimi nilibadilisha. Ile watu wa kilima waliniambia, niliandika ku fishi za watu wa pori. Na ile ya watu wa pori, nikaiweka ku fishi za kilima. Zote."

Nilimwuliza kwa nini, na sauti ilitoka kubwa, mama mmoja mbele akageuka.

"Juu wangeuawa," akasema Neema. "Kijiji iko kidogo. Namba ya fishi inaficha jina, haifiche mutu. Ukiandika ku Itebero kama mutu alipewa buti na fulani ku mugodi, kila mutu anajua ni nani. Ukiiandika ku Masisi, haiko mutu. Na ingine, ile mubaya zaidi, sikuiandika kabisa. Niliibakisha ku kichwa."

Kina mama walianza wimbo mwingine. Nilikaa pale, mikono juu ya mkoba. Nilingoja yanijie yale niliyostahili kuyahisi, aibu kwa tasnifu yangu, hofu ya wenzangu chuoni, au angalau huruma kwa msichana yule aliyekaa kitandani ulimi nje akihamisha watu kutoka kilimani kwenda msituni ili wasife, na mita moja kutoka kwake mimi nafua soksi nikidhani anapenda tu kuandika. Yalikuja, lakini yalikuja nyuma. Kilichotangulia nilikijua kwa harufu yake. Alikuwa nayo. Miaka yote hii alikuwa ametembea nayo Mpofi, sokoni, shuleni, yale maneno yenyewe, ya kweli, ya yule mtu aliyefuta macho na mafuta yakambakia shavuni, ya Bauma labda, ya wote walioniambia mimi shida za maisha. Mimi nilikuwa na shahada ukutani na yeye alikuwa na majibu, na nilimwonea wivu mpaka vidole vikaniuma.

"Yule wa Itebero," nikamwambia, "yule ambaye mama yake haoni vizuri. Alisema nini?"

Neema akamsogeza mtoto vizuri, akamfunika mguu kwa kitenge chake.

"Yule angali mzima," akasema.

Nikasema basi yule aliyekufa, yeyote aliyekwisha kufa, ambaye hataumia tena. Nikasema sitaandika popote. Nikamwapia kwa marehemu aliyekuwa mbele yetu. Nikamwomba jibu moja tu, la mtu mmoja, ili nilijue. Akasema hapana, dada, akaanza kuimba pamoja na wengine.